Debe la Kiongozi

Mama Zuhura mpenzi,

Jua la Shinyanga linakausha wino kabla sijamaliza neno, lakini nina furaha mpaka nashindwa kukaa.

Mkufunzi wetu wa uongozi alituandikia ubaoni aina tatu za viongozi: wa kuamrisha, wa kushauriana na wa kuwaachia watu. Nilijiona kwenye ya kwanza. Jana akatupeleka shambani, vijana wa Kisukuma wanalima pamba kwa ngoma. Kiongozi wao, wanamwita nsumba ntale, akafika amechelewa. Ngoma ikasimama. Msichana mmoja akamwambia, “Debe lile pale, mkubwa.” Ndiyo sheria yao: anayechelewa huwachotea wenzake maji, na aliyeitunga ni yeye mwenyewe. Akaenda kisimani, akarudi na debe kichwani, akatunywesha hata sisi wageni. Kisha akashika jembe, akasema, “Leo tunafika kwenye kichuguu kile.” Hakuna aliyebisha.

Nikakumbuka wafanyakazi wangu wanavyoninunia kiwandani, na ninavyokugombeza chakula kikipoa, wakati aliyechelewa ni mimi.

Nibusie Zuhura. Nikichelewa tena, usinipashie chakula. Nionyeshe tu debe lilipo.

Baba Zuhura