Ndoo Niliyoipeleka Kisumu

Papa Neema,

Wewe mtu mbaya. Umelala huko kwa raha, mimi umeniachia samaki watatu wa urembo niwasafirishe kama kwaya. Toka Nakawa mpaka kwa binti yako Kisumu, na mgongo huu. Ningejua, nisingekusalimia ile siku ya kwanza pale sokoni.

Lakini nimewapeleka. Karibu wote.

Ulivyonifundisha nilifanya. Kwa kuwa Kenya hawataki kavera, ile mifuko ya plastiki, nilichukua ndoo ya mafuta ya kupikia, nikaisugua kwa maji matupu, bila sabuni hata tone. Nikachota maji yao wenyewe kutoka tangi la kioo, nusu ndoo, ile nusu nyingine nikawaachia hewa. Kifuniko nikakitoboa, nikafunika gunia bichi wapate giza watulie. Ungeniona ungesema huyu mzee wa darasa la nne amekuwa profesa.

Neno moja tu nililipuuza. "Samaki anasafiri na njaa, mukubwa." Ulilirudia mpaka kitandani hospitali, nami nikakucheka. Sasa asubuhi ya safari nawatazama, Padiri, yule mkubwa wao, amekuja juu, anafungua mdomo na kufunga kama anahubiri, ndiyo maana ukampa jina hilo. Nikaona haya. Kwetu mgeni hatoki mlangoni tumbo tupu, hata awe mwizi. Nikawapa makombo ya chapati. Padiri akala yake na ya wenzake.

Kufika Bugiri, ndani ya basi nafunua gunia, maji yamekuwa kama uji. Wamekula, wamechafua, hewa imewaishia. Nikafanya ulivyokuwa ukifanya umeme ukikatika: nachota kwa kikombe, namwaga toka juu, nachota, namwaga, na abiria nawalowesha viatu. Pale mpakani Busia askari akaniuliza, "Mzee, hawa ni wa kukaanga?" Nikamwambia ni wakwe zangu. Akacheka, akanipitisha.

Wale wadogo wawili walishikilia roho. Padiri alilala ubavu kabla hatujaliona ziwa.

Nisamehe. Ndiye huyo binti yako Neema aliyemlea tangu akiwa msichana wa shule, ndiye uliyetaka afike. Shetani aliniambia ninunue mwingine wa kufanana naye mjini, nani atajua? Nikakataa, kwa mara moja katika maisha yangu.

Nilimwambia ukweli pale mlangoni, hata salamu bado. Akamtoa Padiri kwa viganja viwili, akamtazama tumbo. Kisha akasema, "Uliwalisha."

Nikakubali.

"Baba naye asingeweza kumtoa mtu na njaa. Siku naondoka kuolewa alinilisha mara mbili, nikatapika njia nzima."

Tukacheka vibaya, mpaka akaketi chini akalia.

Wale wawili hatukuwamwaga tangi jipya ghafla. Tulikuwa tunawaongezea maji mapya kidogo kidogo ndani ya ndoo, wayazoee. Ni hapo, kikombe mkononi, akaniuliza kama ulimtaja mwishoni.

Papa Neema, wewe hukumtaja. Zile siku za mwisho ulisema samaki tu. Samaki, giza, maji, njaa, mpaka nikakasirika nikakuambia mtu anakufa anaongea kitoweo. Na wewe ukageukia ukuta. Kumbe ningekuwa na akili ningempigia simu aje mara moja. Angekuwahi. Hilo linaniuma kuliko Padiri.

Nikamjibu, "Alikutaja kutwa nzima." Na sikudanganya, sivyo? Niambie sikudanganya.

Amenishikilia niwe naenda mara moja moja kumsaidia kubadilisha maji. Nimekubali, mimi ambaye kuoga kwenyewe ni vita. Nitakwenda, wala sitangoja kuitwa. Na kila nikienda nitamsimulia kitu kimoja chako, hata zile hadithi zako chafu, nitazifua kwanza.

Pumzika, rafiki yangu. Geuka sasa, uuache huo ukuta.

Mimi,
Mzee Okumu