Nyundo ya Kioo Imo Kwenye Buti

Jumamosi, Ikungi

Kwenye buti. Mume wangu ameifungia nyundo ya kuvunjia kioo kwenye buti la gari, eti mnadani wataiiba.

Niliichagua mwenyewe Singida mjini, yenye ncha ya chuma na wembe wa kukatia mkanda, baada ya gari kutuzimikia kwenye maji ya korongo na vioo vya umeme kugoma kushuka. Kilio cha watoto bado nakisikia.

"Baba Neema, tukizama tena, nani atashuka kwenda kufungua buti?"

"Mama Neema, kitu kizuri hakiachwi wazi."

Nilichukua funguo nikaitoa, niiweke karibu na usukani.

Bado imo ndani ya plastiki yake ngumu. Nimeing'ata kwa meno. Bila mkasi haifunguki.