Hakukuwa na Risasi Ndani ya Penseli

Mama mpendwa,

Mulembe! Natumaini barua hii itakukuta na nguvu, na kikohozi cha bibi yangu, Kukhu, kimetulia. Huku mjini Kabiro mimi na Aunti ni wazima. Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu jirani yetu, Mama Brian, anasafiri kuja huko nyumbani, na kuna kitu kidogo nataka akubebee.

Unakumbuka nilipotafuna penseli nikiwa mdogo, ukanibeba mbio hadi zahanati ukilia kwamba nimekula risasi, ile madini yenye sumu? Mama, hakukuwa na risasi! Jina tu lilitudanganya, "kalamu ya risasi". Ndani ni grafiti iliyochanganywa na udongo, na grafiti ni kaboni tupu, ndugu ya almasi. Mwalimu alipotuambia nilicheka mpaka akaniuliza kuna nini.

Tofauti yao ni jinsi atomu zinavyoshikana. Katika almasi kila atomu imeshika nyingine nne, pande zote, kwa hivyo hakuna pa kuteleza. Katika grafiti kila moja imeshika tatu, zikafanya tabaka nyembamba sana, lakini tabaka na tabaka zimegusana kwa unyonge. Ukisukuma, zinateleza. Kumbe kuandika ni kuacha tabaka kwenye karatasi!

Sasa, unajua Aunti alivyokataa nichague masomo ya sayansi mwaka ujao. "Hizo ni hadithi za vitabu," alisema, nawe ukaniambia nimsikize. Basi Jumamosi kufuli la kibanda chake cha makaa likakwama. Alikuwa amelitia mafuta ya kupikia ndiyo lilainike, vumbi la makaa likagandia humo. Wateja wamesimama na ndoo zao.

"Mama Makaa, leta nyundo tupige hiyo kitu!" mmoja akaita.

"Piga kichwa yako kwanza!" Aunti akamjibu.

Nikalisuuza kufuli kwa mafuta ya taa, nikalipangusa, nikakwangua penseli yangu kwa wembe na kumimina unga ule kwenye tundu la ufunguo. Aunti akanitazama.

"Si ulisema hata makaa ni kaboni? Mbona yangu imekwamisha?"

Mama, swali hilo lilinibana! Halafu nikakumbuka mitumba.

"Aunti, shuka zilizokunjwa vizuri zinateleza moja juu ya nyingine. Zile zilizotupwa kwa rundo zinashikana ovyo. Kaboni ya makaa ndiyo lile rundo, ya penseli ndiyo zile shuka zilizokunjwa."

Nikazungusha ufunguo. Ta! Likafunguka. Wateja wakapiga makofi, na Aunti akapaza sauti, "Kumbe nauza ndugu ya almasi kwa debe!" Jioni, akikoroga ugali, akasema bila kunitazama, "Mamako akikubali hiyo sayansi, mimi sina neno."

Kwa hivyo limebaki neno lako tu, Mama.

Nisalimie Kukhu, baba mdogo fundi wa baiskeli, na dada yangu anayenyonyesha. Mwambie amfiche mtoto penseli, risasi au si risasi.

Mama Brian atakupa kipande cha penseli. Ni cha lile sanduku la Kukhu ambalo kufuli lake limegoma tangu Krismasi. Kwangua, mimina, zungusha polepole. Likifunguka, nipigie uniambie ndiyo. Na likikataa, nipigie vilevile, kwa sababu nitataka kujua ni kwa nini.

Ni mimi bintiyo mwenye vidole vyeusi,
Nafula