Hereni za Ng'ombe wa Mama Robhi

Jumatatu, 3 Juni
Nimekamua, nimefagia zizi, nimerudi kulala. Homa tena. Inakuja jioni, asubuhi inaniacha nimelowa jasho na mgongo kama uliopigwa. Zahanati wamepima malaria, hakuna. Wamenipa dawa za taifodi. Bure.

Ng'ombe mwekundu ametupa ndama. Mama Robhi kaniamuru nivute kondo la nyuma. Nimevuta kwa mikono mitupu, kama safari iliyopita. Yeye kasimama pembeni anatoa amri.

Mimi pia nimetupa mimba mbili katika nyumba hii. Sasa nimepitisha mwezi tena. Sijamwambia mtu.

Jumatano, 5 Juni
Siku mbaya.

Gari la chuo cha udaktari limeingia kijijini kwetu Machochwe. Mhadhiri anaitwa Daktari Lwiza, amekuja na wanafunzi wake. Wanachunguza ugonjwa unaofanya ng'ombe watupe ndama, na unaowapa watu homa ya kwenda na kurudi. Anasema mwanamke naye unaweza kumtoa mimba. Nilisimama kama nimepigwa kofi. Hiyo ni homa yangu.

Alinichukua niwe mkalimani kwa sababu nina kidato cha nne. Njiani nikamweleza nyumba yetu vizuri. Kwamba Mama Robhi hakujaliwa mtoto wa kiume. Kwamba yeye ndiye aliyenioa, akatoa mahari kwa baba yangu, nimzalie mrithi. Nyumba ntobhu, kama zilivyo nyingine nyingi huku. Kwamba Marwa ni mwanaume aliyechaguliwa tu aje kwangu, hana chake pale. Daktari akaitikia "sawa, sawa" huku anatazama simu.

Tulipofika, Mama Robhi alikuwa zizini na fimbo yake. Marwa alikuwa kwenye kigoda mlangoni anachokonoa meno. Daktari akampita mama wa watu akaenda kumpa Marwa mkono.

"Habari za hapa, mzee. Wewe ndiye mkuu wa kaya?"

Yule mpumbavu akasema ndiyo. Hata hakupepesa. "Chukueni damu, mura, ng'ombe si hawa!"

Nikafungua mdomo. Daktari akaniambia, "Dada, wewe tafsiri tu." Atafsiriwe nani? Marwa anajua Kiswahili.

Wakatoa damu, wakawavika ng'ombe hereni za njano. Mama Robhi alidhani ni watu wa mifugo, akawaacha. Wakahamia kwangu. Mwanafunzi alikuwa amenifunga mpira mkononi, anatafuta mshipa, mwenzake akasoma kwa sauti: kaya ya Marwa.

Fimbo ya Mama Robhi ilianza na boneti ya gari. "Kaya ya Marwa ipi? Huyu hata kuku hana!" Wakakimbia na damu ya ng'ombe. Yangu hawakuchukua. Mpira waliniachia mkononi.

Alhamisi, 6 Juni
Mama Robhi kakata hereni zote kwa kisu. Sikio la ng'ombe mwekundu limechanika. Kanisema asubuhi nzima: mimi ndiye niliyeleta wezi, tumbo langu halishiki kitu, kazi yangu kuandikaandika.

Marwa yuko kilabuni anatangaza kwamba ng'ombe wameandikwa jina lake huko chuo kikuu. Kapigwa marufuku hapa. Afadhali.

Namchukia yeye, na daktari, na leo namchukia Mama Robhi pia. Kila mmoja anagombea ng'ombe. Hakuna aliyeuliza kwa nini natetemeka.

Jumatatu, 10 Juni
Nimetembea hadi zahanati, ndiko walikoweka vifaa vyao. Nikamwambia Daktari Lwiza nipime mimi peke yangu. Kakataa. Mkuu wa kaya ameondoa ruhusa, utaratibu wa utafiti haumruhusu. Niende hospitali.

Nikamwambia: siku ile hukumjua mkuu wa kaya, leo ndiyo umemjua?

Wanafunzi wakainama. Yeye kakasirika, kaniambia nina mdomo. Ninao. Nikamwambia nyumba zote za upande wetu zimefunga mageti, hasa za akina mama waliooa. Wanasema gari lile linageuza ng'ombe wa wanawake kuwa wa wanaume. Hatapata hata tone. Anayetaka damu aje aombe radhi mbele ya watu, na Marwa awepo.

Alitaka niwape majirani ujumbe wake. Nimekataa. Mdomo ni wake.

Jumatano, 12 Juni
Daktari kaja. Uso umekunjwa kama anayekunywa mwarobaini, lakini kaja. Majirani wamejaa uani. Kamwamkia Mama Robhi shikamoo, kaomba radhi kwa kosa lake. Marwa naye kasema kwa sauti ndogo kwamba hana ng'ombe hapa. "Sema wasikie na waliolala!" mama jirani akampigia kelele. Akasema tena.

Mama Robhi akamletea daktari maziwa kwenye kibuyu. Mtu akakataa! Nilitamani kumrushia jiwe. Akasema hayajachemshwa, na ugonjwa wenyewe unapitia humo.

"Mimi nayanywa hivi tangu sina meno," Mama Robhi akasema, "na sasa hivi sina tena."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akamuuliza kama ugonjwa wa ng'ombe unaweza kukaa ndani ya mtu. Daktari akasema ndiyo, hasa anayevuta kondo la nyuma kwa mikono mitupu. Nikaona Mama Robhi amenitazama mikono.

Nikasema mbele ya wote: nina mimba, na nina homa.

Nilidhani Mama Robhi atanipiga. Akamgeukia daktari: "Unangoja nini? Mtoe damu huyu kwanza."

Mpira ulikuwa mfukoni mwangu. Nikawapa.

Jumatatu, 24 Juni
Majibu. Ugonjwa ninao. Ng'ombe mwekundu anao pia. Nimekwenda hospitali Mugumu, wamenipa vidonge vinavyomfaa mwenye mimba. Ni vingi, vinatapisha. Daktari Lwiza kasema huenda mimba ikabaki, hawezi kuahidi. Kwa mara ya kwanza nimemwamini. Sijampenda.

Jumapili, 30 Juni
Homa haijaja siku kadhaa. Tumbo lipo.

Ng'ombe mwekundu ametengwa nyuma ya nyumba, sikio lake linapona vibaya. Marwa haji.

Asubuhi nimeamka nimekuta moto umewashwa. Mama Robhi kakaa mbele ya sufuria, kanipa mgongo, anakoroga maziwa yasimwagike. Amelalamika harufu. Amelalamika kuni. Kasema maziwa ya kuchemsha ni chakula cha wagonjwa. Kisha kanimiminia kikombe cha kwanza, kakiweka chini karibu yangu bila kunitazama.

Hajaomba radhi. Sijamsamehe.

Nimekunywa.