Chungu cha Anti Wilkista

Jumanne, 6 Agosti 2024. Kitale

Neno jipya kwenye kamusi ya Kiingereza: recidivate. Kurudia tabia mbaya uliyokuwa umeiacha. Asili yake Kilatini — kuanguka tena.

Nilimsomea Anti Wilkista tukipukuchua mahindi. Katikati nikakumbuka! Anti aliacha pombe mwaka jana, na kabla ya hapo alishaacha mara mbili akarudia. Nilitaka ardhi inimeze. Yeye akacheka.

"Ati hata Wazungu wana neno langu? Endelea kusoma."

Nikasoma: zamani neno hilo la Kilatini lilisemwa pia juu ya mbegu iliyoanguka ikaota yenyewe. Anti akaangalia mahindi mawili yaliyoota kando ya mlango wa jiko. Hakuna aliyeyapanda.

"Basi hao watu walikuwa wakulima," akasema.

Alhamisi, 8 Agosti. Bungoma

Tumekuja nyumbani kwa tohara ya Kevin, mtoto wa Anti. Busaa, pombe ya unga ya sherehe, anaipika mwenyewe, kwa sababu ni ya mwanawe. Amekaanga unga tangu asubuhi, macho mekundu kwa moshi. Haonji. Anaweka sikio juu ya chungu na kusikiliza povu.

Shemeji yake, Eliakim, akapita. "Mama Kevin, hiyo kitu itakuita tu!"

"Nimeanguka mara mbili, bana. Penye utelezi napajua kuliko wewe."

Jinsi alivyomjibu! Mimi nikisalimiwa tu naangalia viatu.

Ijumaa, 9 Agosti

Harufu haitoki mikononi mwa Anti. Ameosha kwa sabuni, kisha limau, kisha majivu. Sikumuuliza.

Jumamosi, 10 Agosti

Wazee wameketi kuzunguka chungu na mirija yao. Eliakim amesema hawagusi mpaka aliyepika aonje kwanza, ndiyo desturi, wageni wajue ni safi. Akampa Anti mrija. Mwingine akasema ati tone moja haliui mtu. Wakacheka.

Anti akasema, kwa sauti, mbele ya wote: "Mimi nikionja, sitaacha."

Njuga za Kevin zilinyamaza. Alikuwa pale pale, anamtazama mama yake.

"Sasa nani ataonja?" Eliakim akauliza.

Nimekimbilia jikoni. Naandika nimesimama. Sijawahi kusema hata neno mbele ya wazee. Sijawahi kuonja busaa. Kutoka mlangoni namwona Anti — bado amesimama peke yake, mrija mkononi, kichwa juu.

Nimepata kikombe. Nitaonja mimi.