Filamu ya Dada Imepoa, Lakini Yule Kijana Ananitazama Mimi

Mshauri mpendwa,

Nisaidie kabla ya Jumatatu, maana mwenzio tangu juzi sili nikashiba na nacheka peke yangu kama mwehu! Dada yangu ametengeneza filamu ya mapenzi na mimi ndiye mshika mswada, yaani nakaa kando na karatasi kuangalia nani karuka neno, basi Jumapili tukawaonyesha ndugu sebuleni tujipime, mshauri, aibu! Wapenzi wanakumbatiana, shangazi anapiga miayo, halafu anauliza kwa sauti, "Kwani hawa wanapendana au wamekutana kwenye foleni ya hospitali?" Dada akanywea. Lakini kuna vipande vinne anaonekana peke yake kijana anayeigiza mpenzi wa kiume, uso umejaa skrini nzima, na hapo shangazi akaacha miayo, akasema, "Haya, huyu sasa anapenda."

Vipande hivyo navijua! Mwigizaji wa kike alikuwa akiondoka mapema, kwa hiyo maneno yake niliyasoma mimi, nimesimama ubavuni mwa kamera ili kijana apate wa kumtazama. Alikuwa akinitazama mimi! Dada anadhani vipande hivyo vimependeza kwa sababu ya taa. Jumatatu tunarudia kupiga mwisho wote wa filamu, na kijana, ambaye kazi yake hasa ni useremala, ameniuliza, "Utakuwepo? Usipokuwepo nitakuwa gogo." Moyo uliruka, lakini je, kama alikuwa anaigiza tu? Nikisema nitaonekana kituko, nisiposema Jumanne anarudi kwenye karakana yake mji mwingine na basi tena. Nifanyeje?

Mshika Mswada

*

Mshika Mswada,

Hongera, pole, na acha ujinga. Unauliza kama anaigiza? Binti, umekiri mwenyewe kwamba kijana huyo hajui kuigiza! Mtu aliyeshindwa kumdanganya shangazi yako filamu nzima, wewe atakudanganyaje?

Lakini tulia kidogo, sijakuahidi ndoa. Macho yale yalijibu maneno aliyoyaandika dada yako. Wewe kwa kinywa chako hujamwambia kijana hata neno moja, halafu unalalamika hujui moyo wake. Mficha uchi hazai.

Anza na dada. Mwambie leo, maana ni uonevu kumwacha ahangaike na taa wakati jibu unalo wewe. Atafoka, kisha atashukuru, na Jumatatu atakusimamisha palepale ulipokuwa.

Kijana naye usimngojee siku hiyo; mbele ya kamera na watu kumi hakuna anayejibu ukweli. Mpigie leo. Weka karatasi mbali, umwambie umempenda, umuulize na yeye je, kisha unyamaze. Usimsaidie kujibu! Akisema hapana, utalia, utaoga, utakwenda kazini. Wengi tumepita huko na tuko hai.

Na simu akiipokea mama yake, usikate kwa woga. Sema shikamoo mama, kisha ujitambulishe vizuri.