Ukuta wa Baba Uwe wa Mwisho

3 Februari

Kwako mwanangu kitindamimba,

Hujambo? Kazi yako ya kusimamia majengo ya watu inaendeleaje? Unakula, au bado ni chai asubuhi na chai jioni? Mimi sijambo, ila kiuno kinaniuma. Niliteleza tena bafuni. Sakafu imebomoka na mimi si msichana.

Kwa hiyo umeshinda. Tukarabati bafu. Niandikie kazi ianze wapi na iishie wapi, nimpe fundi. Jambo moja tu naomba: ule ukuta ambao marehemu baba yako alikuwa anauwekea vigae siku aliyoanguka, uwe wa mwisho.

Sababu nitakwambia, usicheke. Anagonga. Unakumbuka alivyokuwa akimaliza kubandika kigae anakigonga mara tatu kwa nyundo ya mpira, asikie kama kimeshika? Ndivyo hivyo hivyo. Anaanza asubuhi chai ikichemka, mchana ananyamaza kama mtu aliyeenda kula, kisha anaendelea. Jumapili hagongi.

Tangu tumzike hujakanyaga hapa. Silalamiki, nakumbusha tu.

Mama yako

11 Februari

Mama yangu mpendwa,

Pole sana na kiuno. Mimi mzima, na ninakula, sema chai naipenda.

Mwambie fundi hivi. Kwanza afunge koki kuu ya maji. Kisha avunje vigae vyote vya zamani, kuta zote nne kutoka juu kushuka chini, na sakafu mwishoni. Hapo ndipo abadilishe mabomba, apige plasta, apake dawa ya kuzuia maji, na aijaribu kwa kuacha maji yatuame. Yasipovuja, aweke vigae, kuta kabla ya sakafu. Choo, sinki na mlango vifuate. Akiruka hatua moja tutavunja upya.

Hakuna ukuta wa kusubiri, Mama. Kinachogonga ni bomba lililolegea nyuma ya vigae, maji yakipita linatikisika. Koki ikifungwa utaona kimya chake.

Mwanao

2 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi. Kiuno kimepoa kidogo, jirani ananikanda.

Fundi ameanza, ni yule mrefu anayeinama kila mlango. Koki aliifunga siku ya kwanza na hajaifungua, ndoo nachota kwa jirani. Kuta tatu zimeshapendeza, na sakafu ameshaweka vigae. Ukuta wa baba yako nimemwambia asiuguse.

Sasa sikia kichekesho. Juzi fundi alitoka bafuni amenuna, akaniuliza kwa nini nimeweka fundi mwingine nyuma yake. Nikamwambia hakuna mwingine. Akasema, "Mama, namsikia anakagua kazi yangu." Nikamwandalia chai. Tangu siku hiyo anafanya kazi vizuri mno.

Mama yako

9 Machi

Mama,

Shikamoo. Natumaini nafuu inaendelea.

Nimesoma barua yako nikashika kichwa. Nani anaweka sakafu mpya kabla ya kuvunja ukuta? Kifusi chote kitaangukia vigae vipya! Na ukuta usio na dawa katikati ya kuta zilizopakwa dawa, maji yatapita hapo hapo. Uvunjwe, Mama. Tafadhali.

Nitasema ukweli, maana kwenye barua hunioni uso. Ninaogopa ukuta ule. Nikifumba macho naona vigae vilivyoishia usawa wa kifua chake, na nyundo iko chini. Ukiwepo, siwezi kuingia nyumba hiyo.

Mwanao

20 Aprili

Mwanangu mpenzi,

Nisamehe kwa ukimya. Barua yako niliiweka chini ya mto, nikawa nasubiri niwe na moyo.

Ukuta umevunjwa. Tulitandika magunia sakafuni, na bado kigae cha kona kimemeguka ncha, kama ulivyosema. Nyuma yake tulikuta bomba limelegea kweli. Fundi amelifunga imara, ukuta mpya umekwisha, maji yamefunguliwa. Ulikuwa sahihi. Ila wewe msimamizi wa majengo nieleze: koki ilikuwa imefungwa, sasa bomba lilikuwa likigonga kwa maji gani?

Basi, sasa ni kimya. Asubuhi chai inachemka na sisikii chochote. Nililia kuliko siku ya mazishi, mwanangu. Nilijiona nimemzika mara ya pili, na safari hii kwa mkono wangu.

Nikachukua nyundo yake ya mpira, nikaingia bafuni nikagonga vigae kimoja kimoja, kama yeye. Vyote vimeshika, isipokuwa kimoja karibu na mlango. Kinalia kitupu. Sijamwambia fundi, nimemlipa akaenda. Baba yako hajawahi kukiacha kigae cha namna hiyo kwenye kazi yoyote, hata ya mtu aliyemdhulumu. Alikuwa anarudi, hata kwa kutembea, akibandue na kukiweka upya.

Kwa hiyo nimekiacha, na nyundo nimeilaza pale chini. Namsubiri.

Mama yako

27 Aprili

Mama yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, ingawa nimeisoma barua yako nimesimama.

Swali la koki sina jibu. Nimewauliza mafundi bomba wote wa hapa kazini, kila mmoja anasema bomba bila maji haligongi.

Nimeomba ruhusa. Jumamosi nitakuwa hapo, na nitaoga humo humo. Usimwite fundi. Kile kigae kisiguswe, na nyundo iache ilipo.

Na akianza kugonga kabla sijafika, mwambie niko njiani.

Kitindamimba wenu